Dawa ya Ukutani

Kuna neno la Kiswahili ambalo hadi leo likipita masikioni mwangu hunikunja uso, na masikini ya Mungu neno lenyewe halina kosa. Ni dawa. Tumelibebesha kazi nyingi mno. Kinachomponya mgonjwa tunakiita dawa, cha kuua panya dawa, cha kung'arisha viatu dawa, cha kuogeshea mbuzi mwenye kupe dawa. Mtu mzima akilisikia anajua ipi ni ipi, au anadhani anajua. Mimi nililiona neno hilo likimkaba mtoto koo mjini Garissa, na waliolitia vinywani mwa watu walikuwa ofisini wakinywa chai.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa msichana wa maabara kutoka Kitui, nimeajiriwa kwa msimu mmoja na mtaalamu wa hewa wa chuo kikuu. Alitaka kupima gesi za aina mbili katika hewa ya mji wakati wa baridi: zile za naitrojeni, zinazotoka kwenye moshi wa injini na kwenye mikojo ya mifugo, na zile za klorini. Alinieleza kwamba jamii hizi mbili zikikutana gizani huzaa gesi ya tatu, na jua likichomoza gesi hiyo huvunjika na kuichafua hewa upya. Aliipenda nadharia yake jinsi watu wanavyompenda kitinda mimba, na ole wako umguse.

Nyumbani walinicheka waliposikia naenda Garissa kupima baridi. Lakini mwezi wa Julai, katika msimu ambao Wasomali huuita hagaa, alfajiri ya Garissa upepo hujificha. Hewa hulala juu ya mji, na moshi wa kila jiko na kila lori hubaki pale pale ulipotoka hadi jua lipande. Wenyeji huvaa sweta, na mimi baada ya wiki moja nilivaa.

Vyombo vyangu vilikuwa pampu ndogo inayotumia betri ya gari, mirija ya mpira na chupa za kioo zenye maji ya dawa. Unaona, hata mimi nimelitumia. Pampu iliivuta hewa ikapita ndani ya maji ikitoa mapovu. Chupa ya naitrojeni ilikuwa na maji meupe yanayogeuka waridi. Chupa ya klorini ilikuwa na maji ya rangi ya chungwa ambayo, klorini ikipita, rangi yake hufifia mpaka ikapotea. Palipokuwa na malori yakisubiri msafara wa polisi kwenda Wajir, injini zikinguruma tangu alfajiri huku madereva wakinywa chai, maji yalikuwa waridi kabla sijamaliza kukunjua mkeka wa kukalia. Soko la mifugo nalo lilikuwa na harufu yake, ambayo haikuhitaji chupa.

Kituo cha tatu cha kupimia kilikuwa ukuta wa mtambo mdogo wa maji. Si ule mkubwa wa mjini. Huu ulijengwa na wafadhili karibu na mtaa wetu, wakaukabidhi kwa kamati na msimamizi mmoja, wakaenda zao. Ndani ya chumba kimoja ilimolala mitungi ya klorini, mtungi mmoja ulikuwa ukivuja kwenye vali. Chumba kilikuwa na tundu la kutolea hewa, na tundu lilikuwa chini kabisa, kwa sababu klorini ni nzito kuliko hewa na hutambaa. Lilikuwa usawa wa uso wa mtoto aliyekaa.

Asubuhi ya kwanza nilipofika pale na betri yangu nilikuta kina mama wamekaa chini wameegemea ukuta, kila mmoja na mtoto mapajani. Nikadhani wanasubiri maji. Kumbe hawakuwa na hata ndoo moja. Na katikati yao, karibu kabisa na tundu, alikuwa mama mwenye nyumba wangu na mjukuu wake.

Nilipanga chumba katika ua wake. Nilimwita Eddo, yaani shangazi, kama kila mtu wa mtaa alivyomwita, naye aliniita abaayo, dada, ingawa umri wake ulitosha kunizaa. Aliuza vitambaa sokoni na hakuwa mtu wa kuchezewa. Mjukuu alikuwa na umri wa kama miaka mitano, macho makubwa, kifua kibovu. Mama yake alikuwa Eldas, huko Wajir, akichunga ngamia, na mtoto aliletwa mjini kwa sababu ya kifua hicho, ili awe karibu na daktari. Usiku wa baridi nilimsikia kupitia ukuta akivuta pumzi kwa mluzi. Bibi yake alikuwa hataki kitu kingine duniani ila pumzi ile itoke bila mluzi.

"Eddo, mnafanya nini hapa?" nilimuuliza.

"Nabumua dawa," akanijibu bila wasiwasi, p ikigeuka b kinywani mwake kama kwa Wasomali wengi. "Dawa ya maji. Nafungua kifua."

Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Baada ya mafuriko, watu walipoharisha, lilipita gari lenye kipaza sauti. Gari lilisema maji yametiwa dawa. Lilisema dawa inaua vijidudu. Muuguzi naye alimwambia kwamba kinachomsumbua mtoto kifuani ni vijidudu. Sasa mimi msomi nimwambie, kama dawa inaua vijidudu ndani ya maji, na harufu ya dawa inatoka bure ukutani, kosa la mtu kumpeleka mtoto pale liko wapi?

Sikuliona. Nimelitafuta kwa miaka mingi na sijaliona. Yule mama alichukua maneno mawili ya serikali na moja la muuguzi, akayajumlisha, na jumla yake ilikuwa sahihi kuliko hesabu za watu wengi wenye vyeti. Walioharibu ni waliompa maneno mabovu ayajumlishe. Hata kwa Kisomali hakuwa na pa kukimbilia, kwani wao husema dawo, neno ni lile lile.

Nilimwambia kwamba ile si dawa, ni kitu kinachochoma mapafu. Akanitazama kwa huruma.

"Abaayo, gari ya serikali nasema dawa. Wewe nasema si dawa. Nyinyi wote watu ya Kenya. Kwanza mbatane, halafu mkuje kwangu."

Kule Garissa, sisi tuliotoka bara tulikuwa watu wa Kenya, kana kwamba Kenya ni nchi ya ng'ambo, na kwa jinsi Kenya ilivyowatendea, sikuwa na la kubisha. Nikachukua chupa yangu ya klorini, ambayo rangi ilikuwa imekwisha kabisa, nikaenda kwa msimamizi wa mtambo.

Msimamizi alikuwa mtu wa bara kama mimi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinikaribisha kiti. Aliitazama chupa, akasema kwake inaonekana ni maji tu. Nilimweleza kwamba ndiyo maana nimeileta. Alijua kuhusu vali. Alisema inavuja kidogo, harufu kidogo, na kipuri hakijaletwa. Nikamwomba basi aseme na watu, alirudishe lile gari la kipaza sauti, liwaambie kina mama kwamba ile gesi ni sumu.

"Ukiwaambia sumu," akasema, "kesho wote watarudi mtoni na ndoo. Wataharisha tena. Wewe utawazika?"

Nilichukia jinsi maneno yake yalivyokuwa na ukweli ndani. Ukweli wa mtu mvivu ni mbaya kuliko uongo wake, maana huwezi kuutupa wote. Nikasema, basi waambie dawa ya maji si dawa ya mtu. Sentensi moja tu. Akajibu kwamba tangazo lina utaratibu wake, lazima kamati ikae. Nikamuuliza kamati itakaa lini. Akanimiminia chai.

Nilimrudia mtaalamu wangu. Nilitumaini kwamba msomi mwenye jina lake angepaza sauti pale sauti yangu haikufika. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akasema inasikitisha sana. Halafu akaniomba nisifanye jambo lolote kwenye kituo kile kabla hatujamaliza kupima, kwa sababu mahali penye klorini ya uhakika na moshi wa uhakika ni nadra, na vali ikizibwa sasa tutapoteza msimu mzima.

Nilimwangalia nikifikiri nimemsikia vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akinipa embe zake na kuniulizia wazazi wangu. Lakini siku ile damu ilinichemka nikatoka nje bila kuaga, na sijawahi kumheshimu tena. Nilijua kwamba kwa mtu yule kifua cha yule mtoto kilikuwa kasoro ndani ya mahali pazuri pa kazi.

Nikaamua kufanya yangu. Mafundi wa klorini wana mbinu ya zamani ya kutafuta panapovuja. Unalowesha kitambaa kwa amonia, unakipitisha polepole karibu na vali, na pale klorini inapotoka moshi mweupe huota hewani bila moto. Amonia nilikuwa nayo. Ni ile ile ya mikojo ya mifugo, mojawapo ya gesi zetu. Nikawaza hivi: mwenye macho haambiwi tazama. Watauona moshi ukitoka penye baridi, hapana kuni hapana kaa, watashtuka wawabebe watoto wao wakimbie.

Asubuhi iliyofuata nilienda mapema, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikakipeleka kwenye tundu mbele ya kina mama wote. Moshi ukaja. Ulikuwa mzito, mweupe, ukijikunjua kutoka kwenye hewa tupu, mzuri hata mimi nilikawia kuondoa mkono. Mama mmoja akasema Subhanallah.

Hawakukimbia. Walisogea. Kwa nini wakimbie? Kila nyumba ya Kisomali hufukiza uunsi, ubani wao, jioni. Moshi mweupe wenye harufu kali ni kitu cha heri, huingizwa katika nguo, katika nywele za bibi harusi, katika shuka za mzazi. Walikuwa wakiinusa ile dawa kwa wiki nyingi bila kuiona, na leo binti wa maabara amekuja kuwaonyesha kwamba ipo kweli. Eddo alitandua shali yake, akamfunika mjukuu pamoja na moshi wote, kama mtu anavyomfukiza mwenye mafua.

Nilikirusha kile kijiti mbali nikaivuta shali. Nilipiga kelele. Nilisema kila neno nililokuwa nalo, sumu, hatari, kifo, na kwa Kisomali changu kibovu nikasema sun, sun, ambayo ndiyo sumu kwao. Eddo alinyanyuka taratibu, akamfuta mtoto pua, akaniambia kwamba mimi nimechoka na kazi ya kuamka mapema, niende nikalale. Wengine wakacheka. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, na hasira ile ikawa haina pa kwenda.

Eddo hakunisikia. Siku chache baadaye nilikuwa soko la mifugo na chupa zangu, jua limeshatoka, aliponijia jirani mmoja mbio. Mtamboni walikuwa wanabadilisha mtungi asubuhi ile. Waliufungua chumbani bila kuangalia nje ukutani, gesi ikatoka kwa wingi, kina mama wakatawanyika wakikohoa. Watoto wengine walibebwa wakiwa wanalia, na kulia ni dalili njema. Mjukuu wa Eddo hakulia.

Nilimkuta kwenye kituo cha afya, midomo imekuwa ya kijivu, shingo ikivutika ndani kila anapotafuta pumzi. Nguo zake zilikuwa zimelowa matapishi. Eddo alikuwa amesimama pembeni mikono kichwani, na muuguzi, mwanamke wa bara, alikuwa akimfokea.

"Mnawapa watoto mitishamba halafu mnatuletea wakiwa wanakufa. Mara ngapi tutawaambia?"

"Si mti," Eddo akasema. "Dawa ya serikali. Wallahi, dawa ya serikali."

"Serikali gani inatoa dawa kama hiyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Muuguzi alimuuliza bibi mtoto amepata nini. Bibi akajibu dawa, kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kumpa. Ndilo jina alilopewa. Muuguzi akasikia dawa, akaona mama wa Kisomali mwenye shali, akamalizia mwenyewe yaliyobaki. Wakamnywesha mtoto maji ya chumvi ili aitapike. Mtoto asiyeweza kuvuta pumzi, wakamtapisha.

"Ni klorini," nikasema. "Gesi. Ameivuta, hajaimeza."

Muuguzi aligeuka. Sitasahau jinsi uso wake ulivyobadilika, na kwa haki yake niseme kwamba hakupoteza muda kujitetea. Alikimbia kuleta oksijeni. Walimwinua mtoto akae, wakamvisha kile kifuniko cha puani, wakamchoma sindano, na baada ya muda ambao siwezi kusema ulikuwa mrefu kiasi gani midomo ikaanza kurudi rangi. Eddo aliketi sakafuni. Alinitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, swali ambalo nilitamani msimamizi awepo alijibu.

"Kama ni sun, kwa nini naita dawa?"

Msimamizi alikuja jioni, ameshika pakiti ya maziwa na mkate. Alisema ajali haina kinga. Nilimfuata mpaka nje ya lango nikamwambia mambo ambayo mama yangu angenizaba kofi kwa kuyasema mbele ya mtu mzima, nikayarudia ili yasimpite hata moja. Kesho yake vali ilizibwa. Kipuri kilichokuwa hakijaletwa kilikuwa washa, kiduara cha madini ya risasi cha kuzibia vali, kidogo kuliko pete ya kidole gumba, na kilipatikana ndani ya droo ya ofisi. Fundi aliifunga kabla chai haijapoa. Mtaalamu naye alinung'unika kwamba kituo kimekufa, akafunga vyombo vyake akarudi alikotoka, na mshahara wangu wa mwisho nilikataa kwenda kuuchukua mkononi mwake.

Gari la kipaza sauti lilipita pia, kamati ilikuwa imekaa hatimaye. Nilikuwa uani nikifua. Likasema wananchi wanaombwa wasikae karibu na ukuta wa dawa. Nilitoka na mapovu mikononi nikalikimbilia hadi pembeni ya mtaa nikimpigia dereva kelele abadilishe neno, abadilishe neno, naye akanipungia mkono akidhani namsalimu.

Mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa amekonda, na mluzi ulikuwa umerudi ukiwa mkali kuliko kwanza, kwani mapafu yalishachomwa. Daktari alimpa chupa ya dawa ya maji maji, anywe asubuhi na jioni bila kukosa, akamwonya Eddo kwamba akiacha, kifua kitafunga tena na safari hii huenda asimuwahi. Hiyo ilikuwa dawa kweli, dawa yenye haki zote za jina lake.

Eddo aliimimina kwenye kijiko. "Kunywa dawa, hooyo," akamwambia mtoto kwa upole, akimwita mama kama Wasomali wanavyowaita watoto kwa mapenzi.

Mtoto alikibana kinywa, akageukia ukutani. Tulimbembeleza. Alianza kutetemeka. Bibi alijaribu kumshika kidevu, naye akalia mpaka akakosa pumzi, ikabidi tuache. Jioni ikawa hivyo hivyo, na asubuhi ya pili, na mluzi ule ulikuwa ukipanda. Kila neno lile lilipotajwa, kwa Kiswahili au kwa Kisomali, alijikunja na kuuziba uso wake kwa mikono. Nani angemlaumu? Alikuwa ameelewa somo lake kuliko sisi sote.

Jioni ya siku ile Eddo alikuja na kijiko bila kulitaja lile neno, akanipa mimi, akakaa nyuma yangu. Mtoto alinitazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alijifunza kwangu, na alijua kwamba mimi ndiye niliyepiga kelele ukutani siku ile wengine walipocheka.

"Hii dawa?" akauliza.

Nikasema, "Si dawa."

Akafungua mdomo.